Kitufe cha Wi-Fi kwenye laptopu yenye Linux: jua kwanza nani anakishika

Laptopu nyingi zinazouzwa hapa Mombasa ni za mtumba, zile tunazoziita ex-UK: Dell Latitude, HP EliteBook na ProBook, Lenovo ThinkPad. Ni mashine za ofisini, zimeundwa zidumu, na ukizitia Ubuntu au Linux Mint zinakwenda vizuri kwa miaka. Lakini zina kitufe kimoja kinachosumbua watu kuliko vingine vyote: kile chenye alama ya antena au ya ndege, cha kuzima na kuwasha Wi-Fi. Mtu anakigusa bila kujua, mtandao unapotea, anazima mashine na kuiwasha, hali ni ile ile. Akiipeleka kwa fundi mwenye haraka anaambiwa kadi imekufa, anunue nyingine.

Mara nyingi kadi ni nzima. Redio yake imezuiwa tu, na kazi yote ni kumjua aliyeizuia. Ndani ya laptopu moja kitufe hiki kinaweza kushikwa na programu iliyo kwenye mazabodi yenyewe (BIOS na chipu ndogo inayosimamia kibodi na betri), na kerneli ya Linux (kiini cha mfumo), na programu za desktopu kama GNOME, au na swichi ya chuma inayokata waya moja kwa moja. Akiwepo mmoja anayeshika, mambo huenda sawa. Wakiwa wawili, mafahali wawili hawakai zizi moja: huyu anazima, yule anawasha, na wewe unaona Wi-Fi inapepesa tu. Asipokuwepo hata mmoja, kitufe kinabonyezwa na hakuna kinachotokea. Karibu kila hitilafu ya kitufe hiki ni mojawapo ya hizo mbili, kwa hiyo usibadilishe chochote kabla hujajua uko upande gani.

Anza na rfkill

Fungua terminali uandike:

rfkill list

Amri hii huonyesha na kuondoa mazuio ya redio. Imo ndani ya kifurushi cha util-linux au kifurushi chake chenyewe, na kwenye Ubuntu na Mint huwa ipo tayari. Kwenye HP utaona kitu kama hiki:

0: hp-wifi: Wireless LAN
   Soft blocked: no
   Hard blocked: yes
1: hp-bluetooth: Bluetooth
   Soft blocked: no
   Hard blocked: yes
2: phy0: Wireless LAN
   Soft blocked: no
   Hard blocked: yes

Soma kwa utulivu, maana mistari hii michache ina majibu mengi. Soft blocked ni zuio laini, lililowekwa na programu. Hilo huondolewa kwa rfkill unblock wifi, au rfkill unblock all ukitaka na Bluetooth irudi. Hard blocked ni zuio gumu: kadi au mazabodi ndiyo inayosema redio imekatwa, na rfkill haina uwezo wa kuliondoa. Kuna watu wanaoandika rfkill unblock mara ishirini mbele ya zuio gumu wakitarajia mambo yabadilike. Hayabadiliki, kwa sababu amri hiyo hailigusi kabisa.

Jambo la pili ni majina. phy0 ni kadi yenyewe ya Wi-Fi. hp-wifi, dell-wifi, ideapad_wlan, asus-wlan au acer-wireless si kadi. Hizo ni draiva za mtengenezaji wa laptopu, zinazoongea na BIOS kwa niaba ya kitufe. Ukiona phy0 haina zuio lakini ideapad_wlan ina zuio gumu, basi kadi iko huru na draiva ya laptopu ndiyo inayosoma vibaya. Ukiona zote mbili zina zuio gumu, waya umekatwa kweli. Tofauti hii peke yake inaokoa pesa ya kadi nyingi.

NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye Linux, nayo huisikiliza draiva ya laptopu, si kadi tu. Ndiyo maana Wi-Fi inaweza kukataa kuwaka hata pale phy0 ilipo safi. Andika nmcli radio uangalie safu ya WIFI-HW: ikisema disabled, NetworkManager inaamini kuna zuio gumu mahali. Ikisema enabled huku safu ya WIFI ikisema disabled, ni yenyewe iliyozima, na nmcli radio wifi on inatosha.

Bonyeza ukitazama

Sasa acha dirisha moja likiwa na amri hii:

rfkill event

Bonyeza kitufe mara moja, usirudie, kisha tazama. Kila badiliko linaandika mstari wenye muda na maneno kama idx 2 type 1 op 2 soft 1 hard 0. Type 1 ni Wi-Fi, type 2 ni Bluetooth, type 5 ni modemu ya laini ya simu. Op 2 maana yake kimebadilika kitu. Kinachokuhusu zaidi ni namba mbili za mwisho.

Hard ikigeuka kutoka 0 kwenda 1, mazabodi ndiyo inayoshika kitufe. Linux inaarifiwa tu. Hali hiyo ni salama, iache.

Soft ikigeuka, programu ndiyo inayoshika: kerneli au desktopu.

Soft ikigeuka mara mbili kwa mbonyezo mmoja, 1 kisha 0 papo hapo, una mafahali wawili. Hakuna mstari wowote? Hakuna aliyesikia, na itabidi ushuke chini zaidi.

Kabla hujashuka, hakikisha unabonyeza kitu sahihi. Kwenye ThinkPad za kuanzia T440 ni kitufe cha F8, kwenye IdeaPad nyingi ni F7, kwenye Asus nyingi ni Fn na F2, na HP nyingi za nyumbani ni F12. Kama ubonyeze pamoja na Fn au bila Fn inategemea mpangilio wa BIOS. Kwenye HP mpangilio huo unaitwa Action Keys Mode: ukiwa umewashwa, F12 peke yake inazima redio, na Fn pamoja na F12 ndiyo F12 ya kawaida. Wanaojifunza kutengeneza tovuti, ambao hubonyeza F12 kutwa nzima kufungua zana za kivinjari, huzima Wi-Fi yao bila kukusudia kwa sababu hii. Kwao tiba ni kuingia BIOS kwa F10 na kuuzima mpangilio huo.

Kitufe kikiwa bubu

Weka evtest:

sudo apt install evtest
sudo evtest

Itakuonyesha orodha ya vifaa vinavyotuma vibonyezo. Watu wengi huchagua kibodi tu, AT Translated Set 2 keyboard, wakiona kimya wanakata tamaa. Usiishie hapo. Kitufe cha redio mara nyingi hakipiti kwenye kibodi. Kwenye HP jaribu HP WMI hotkeys na HP Wireless hotkeys, ambacho kwenye kerneli mpya kinaitwa Wireless hotkeys tu. Kwenye Dell jaribu Dell WMI hotkeys na Intel HID events, kwenye Asus jaribu Asus WMI hotkeys na Asus Wireless Radio Control, kwenye Lenovo jaribu Ideapad extra buttons au ThinkPad Extra Buttons. Pitia kimoja kimoja, bonyeza kitufe, toka kwa Ctrl na C, nenda kingine.

Kitakachosema kweli kitaandika msimbo. KEY_WLAN ni 238, KEY_BLUETOOTH ni 237, KEY_RFKILL ni 247. Wa kwanza unahusu Wi-Fi peke yake, wa mwisho unahusu redio zote kwa pamoja, yaani hali ya ndegeni. Ni kwa sababu hiyo laptopu mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana: moja inaua Wi-Fi na kuacha kipanya cha Bluetooth kikifanya kazi, nyingine inaua vyote.

Kama msimbo haujulikani, kerneli yenyewe italalamika. Andika sudo dmesg | tail baada ya kubonyeza, na ukikuta maneno haya:

atkbd serio0: Unknown key pressed (translated set 2, code 0xd7 on isa0060/serio0).

basi kibodi imetuma d7 na hakuna aliyeiambia kerneli maana yake. Mstari unaofuata utakushauri setkeycodes. Hiyo ni nzuri kwa kujaribu, lakini inasahaulika ukizima mashine. Dawa ya kudumu ni faili ndogo ya hwdb, orodha inayoueleza mfumo maana ya vitufe vya kila mashine. Angalia kwanza jina la mashine:

cat /sys/class/dmi/id/modalias

Ndani ya mstari mrefu utakaotokea, tafuta sehemu inayoanza na svn, ambayo ni mtengenezaji, na inayoanza na pn, ambayo ni modeli. Nafasi kati ya maneno huondolewa, kwa hiyo HP ProBook 640 G2 itaandikwa HPProBook640G2. Kisha tengeneza faili /etc/udev/hwdb.d/90-kitufe-wifi.hwdb yenye mistari miwili:

evdev:atkbd:dmi:bvn*:bvr*:bd*:svnHP*:pnHPProBook640G2*:*
 KEYBOARD_KEY_d7=wlan

Modeli hiyo ni mfano, weka ya kwako. Weka pia msimbo wa kwako, kwa herufi ndogo na bila 0x. Mstari wa pili lazima uanze na nafasi moja, na wa kwanza usiwe na nafasi. Wanaolalamika kwamba hwdb haifanyi kazi wengi wamekosea hapo, au wameacha mstari mtupu katikati. Ukimaliza:

sudo systemd-hwdb update
sudo udevadm trigger --sysname-match="event*"

Rudi kwenye evtest uhakikishe kwamba sasa inasema KEY_WLAN.

Kuna hila moja zaidi. Vitufe vingi vya aina hii hutuma habari ya kubonyezwa lakini havitumi ya kuachiliwa. Kwenye evtest utaona value 1, kisha value 2 zikimiminika bila kikomo, na value 0 haiji. Kwa kompyuta ni kana kwamba kidole chako bado kiko pale. Weka alama ya mshangao mbele ya jina, KEYBOARD_KEY_d7=!wlan, na kerneli itaachilia kitufe yenyewe mara tu kinapobonyezwa.

Mafahali wawili

Hapa ndipo watu hupotea zaidi, kwa sababu kila kimoja kikitazamwa peke yake kinafanya kazi sawasawa.

Kerneli ya Linux ina sehemu inayosikiliza KEY_WLAN, KEY_BLUETOOTH na KEY_RFKILL na kugeuza redio bila kuuliza mtu. Unaweza kuhakikisha imo kwenye kerneli yako:

grep RFKILL_INPUT /boot/config-$(uname -r)

GNOME nayo ina programu yake, gsd-rfkill, inayotaka kuamua yenyewe ili ionyeshe alama ya ndege kwenye skrini. Ili zisigongane, gsd-rfkill inafungua /dev/rfkill na kuiomba kerneli iache kusikiliza vitufe kwa muda wote ambao imeshikilia faili hiyo. Ni utaratibu mzuri, na kwenye GNOME sijui sababu ya kuugusa.

Mgongano unaanza ukitumia i3, Openbox au desktopu nyingine nyepesi, zile zinazowekwa kwenye mashine za RAM ya GB 2. Hapo hakuna anayeiomba kerneli inyamaze, kwa hiyo kerneli inashika kitufe. Halafu wewe unaandika kwenye mpangilio wa i3 kwamba XF86WLAN (jina la kitufe hicho kwenye desktopu) iendeshe skripti ya nmcli radio wifi. Unabonyeza mara moja: kerneli inazima, skripti inakuta imezimwa inawasha. Unaapa kwamba kitufe ni kibovu. Suluhisho ni kufuta mstari ulioandika. Kitufe kilikuwa kinafanya kazi tangu mwanzo. Kama unataka ujumbe utokee kwenye skrini, acha kerneli igeuze na skripti isome tu hali kwa rfkill, isiguse redio.

Aina ya pili inatoka kwenye mashine yenyewe. Baadhi ya HP hutuma mbonyezo mmoja kwa njia mbili: mara moja kupitia kibodi kwa msimbo f8, na mara moja kupitia HP Wireless hotkeys. Redio inazima na kuwaka. Ukifungua evtest mbili, kila moja kwenye dirisha lake, utaziona zote zikisema kwa pamoja. Nyamazisha ile ya kibodi kwa hwdb kama hapo juu, ila mstari wa pili uwe:

 KEYBOARD_KEY_f8=unknown

Orodha ya hwdb inayokuja na systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) tayari ina modeli kadhaa zilizonyamazishwa hivi, kwa hiyo ukisasisha mfumo wako unaweza kukuta tatizo limekwisha. Sasisha kwanza, kisha ndipo uandike faili.

Asus wana mlango wao. Draiva ya asus_nb_wmi ina kipengele kinachoitwa wapf, kinachoamua nani ashike kitufe. Thamani 0 inaiachia mazabodi Wi-Fi na Bluetooth, 1 inaiachia mazabodi Bluetooth na kuipa Linux Wi-Fi, 4 inaipa Linux zote mbili. Kama Fn na F2 inaleta zuio gumu lisiloondoka, andika kwenye /etc/modprobe.d/asus.conf:

options asus_nb_wmi wapf=4

uzime na kuwasha. Isipotosha jaribu 1. Kwa Asus nyingi zinazoleta shida hii, 4 ndiyo inayokubali.

Lenovo IdeaPad zina hadithi nyingine: draiva ya ideapad_laptop kwenye kerneli za zamani iliuliza BIOS kuhusu swichi ambayo mashine haina, ikapewa jibu lisilo na maana, ikatangaza zuio gumu la kudumu. Kerneli mpya zimerekebisha hilo, hivyo tiba ya kwanza ni kerneli mpya. Kama huwezi kusasisha kwa sababu ndiyo hiyo mtandao huna, jaribu:

sudo modprobe -r ideapad_laptop

Wi-Fi ikitokea ndani ya sekunde chache, umempata mwenye kosa. Kumfungia nje moja kwa moja ni mstari mmoja, blacklist ideapad_laptop, ndani ya /etc/modprobe.d/ideapad.conf. Gharama yake ni kwamba unapoteza baadhi ya vitufe vya Fn na uwezo wa kuzuia betri isijazwe hadi juu, kwa hiyo uitumie kama daraja tu la kufikia kerneli mpya.

Kuhusu kupata intaneti wakati huo: simu yenye bando na waya wa USB. Washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye simu, na Linux itaiona kama kadi ya waya. Haipiti kwenye rfkill hata kidogo.

Zuio gumu la kweli

Latitude nyingi za mfululizo wa E na ThinkPad kama T420, T430, X220 na X230 zina swichi ndogo ya kusukuma pembeni. Hapa Pwani swichi hizi zina adui mahsusi: hewa ya chumvi. Mashine iliyokaa Nyali au Likoni kwenye nyumba ya madirisha wazi yanayotazama bahari hupata ukungu wa kijani au mweupe kwenye miguso ya ndani ya swichi, na mguso uliooza haushiki vizuri. Dalili yake haiigiki na kitu kingine: acha rfkill event ikiwa wazi, sukuma swichi polepole sana, na utaona hard 0, hard 1, hard 0, hard 1 zikiruka bila mpangilio, au zikibadilika ukiibinya pembeni kwa ukucha bila hata kuisogeza.

Toa chaja, toa betri. Dondosha matone mawili matatu ya spiriti safi ya isopropili kwenye mfereji wa swichi, isukume kwenda na kurudi mara ishirini hivi, ongeza tone moja, rudia, kisha iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha betri. Usitumie dawa za kupulizia zenye mafuta. Zinalainisha swichi siku hiyo, halafu vumbi na chumvi vinanasa kwenye mafuta na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Swichi ikiwa imekufa kabisa na ya kubadilisha haipatikani, kuna njia ya pini. Kwenye kadi za mini PCIe, zile za pini 52, amri ya kukata redio inafika kwa pini ya 20, inayoitwa W_DISABLE#. Pini za namba shufwa ziko upande wa chini wa kadi, ule usio na chipu. Mkato ulio kwenye ukingo uko baada ya pini ya 16, kwa hiyo kwenye sehemu ndefu pini ya kwanza ya upande huo ni 18, na ya pili ni 20. Ifunike hiyo ya pili kwa kipande chembamba cha tepu ya kapton, ile ya rangi ya kaharabu inayostahimili joto. Umbali kati ya pini ni milimita 0.8 tu, kwa hiyo tumia wembe mpya na kioo cha kukuza. Ukizidisha upande wa 18 hakuna hasara kubwa, ni ardhi (ground) tu. Ukizidisha upande wa pili utafunika 22, pini ya kuanzisha kadi, na kadi yaweza isionekane hata kwenye lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani. Tepu ya kawaida ya ofisini isitumike, gundi yake huyeyuka kwa joto na kubaki ndani ya soketi.

Kadi mpya za M.2 zina waya huo kwenye pini ya 56 kwa Wi-Fi na 54 kwa Bluetooth, na pini zimekaribiana kwa nusu milimita. Hapo kufunika moja peke yake ni kazi ya mkono mtulivu mno. Kufunika 54 na 56 pamoja hakuleti madhara, mradi tu usiguse 52.

Mwambie mwenye mashine kwamba baada ya tepu swichi haitazima redio tena. Akisafiri kwa ndege kutoka uwanja wa Moi atatumia hali ya ndegeni ya kwenye skrini, basi.

Kabla ya kushika bisibisi, pitia BIOS. Laptopu za ofisini zinakuja na mipangilio ya ofisi iliyozitumia. HP wana LAN/WLAN Auto Switching, inayozima Wi-Fi kila waya wa mtandao ukichomekwa, na Dell Latitude wana Control WLAN Radio inayofanya vile vile, pamoja na ukurasa wa Wireless Switch unaoamua swichi iguse redio zipi. Hizo si hitilafu, ni sera ya mtu mwingine iliyobaki ndani ya mashine yako. Kama mashine ina TLP (programu ya kuokoa betri), angalia pia /etc/tlp.conf kwenye DEVICES_TO_DISABLE_ON_LAN_CONNECT, maana matokeo yanafanana kabisa.

Inapokumbuka ulichotaka isahau

Kuzima na kuwasha hakusaidii kwa sababu hali inahifadhiwa. Huduma ya systemd-rfkill inaandika hali ya kila redio ndani ya /var/lib/systemd/rfkill na kuirudisha mashine ikiwaka. NetworkManager nayo ina kumbukumbu yake, WirelessEnabled ndani ya /var/lib/NetworkManager/NetworkManager.state. Ukiondoa zuio moja bila jingine, Wi-Fi inaweza kubaki imezimwa. Endesha zote mbili, rfkill unblock wifi na nmcli radio wifi on, kisha uwashe upya uone kama imekaa.

Mashine zenye Windows na Linux pamoja zina mtego wao. Windows ikiwa na Fast Startup haizimi kabisa, inalala, na inaweza kuiacha redio katika hali ambayo Linux haiwezi kuiondoa. Ingia Windows, washa Wi-Fi, fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi uandike powercfg /h off, kisha zima kawaida. Ikiwa bado zuio gumu limekwama, toa chaja na betri, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, urudishe umeme.

Kwa Windows peke yake nina machache ya kusema. Kuanzia Windows 8 kitufe kinatakiwa kufika kama kifaa cha HID (aina ya vifaa vya kuingiza, kama kibodi) cha hali ya ndegeni, na mashine iliyofomatiwa upya bila draiva ya mtengenezaji hukosa kifaa hicho. Kwenye HP draiva inaitwa HP Wireless Button Driver. Ipakue kwa namba ya bidhaa iliyo chini ya laptopu, si kwa jina la modeli peke yake. Na rangi ya taa ya kitufe isikudanganye: kwenye mashine nyingi huendeshwa na mazabodi, ikabaki ya chungwa hata pale Wi-Fi inapofanya kazi.

Kwenye mashine za saiba au za darasani, ambako mikono ni mingi, binafsi naona heri kitufe kizimwe kabisa. Tafuta kwa evtest kinapita wapi. Kikipita kwenye kibodi, hwdb yenye unknown inatosha. Kikipita kwenye kifaa cha Wireless hotkeys, zuia moduli yake, ambayo kwenye kerneli za zamani ni hp_wireless na kwenye mpya ni wireless_hotkey. lsmod itakuambia unayo ipi. Weka mstari wa blacklist, endesha sudo update-initramfs -u, washa upya, kisha bonyeza kitufe huku rfkill event ikiwa wazi. Ikikaa kimya, umemaliza. Lakini hard ikiendelea kugeuka, basi mazabodi inashika kitufe yenyewe na Linux haina la kufanya. Angalia kama BIOS ina sehemu ya kukizima, na kama haina, ondoa kitufe chenyewe kwenye kibodi kwa uangalifu na ukihifadhi kwenye bahasha yenye namba ya mashine.